Jinsi ya Kuitazama Picha ya Penseli ya Karne ya 19: Paganini wa Ingres

Mbele yenu yuko Niccolò Paganini, mpiga fidla, aliyechorwa na msanii Mfaransa Ingres mjini Roma mwaka 1819. Mchoro wenyewe uko Louvre, Paris, na ni mdogo: takriban sentimita 30 kwa 22. Tafuta nakala kubwa kabisa kwenye tovuti ya makumbusho. Kwenye nakala ndogo mistari ya usoni huungana ikawa doa la kijivu, na hutaona kitu.

Macho yake yanakuita, lakini usoni tutafika baadaye. Anza na koti. Kuza mpaka mkunjo mmoja ujaze skrini, kisha ufuate mstari mmoja tangu unapoanza hadi unapokatika. Ulipo mnene, mkono umekandamiza. Unapokonda, mkono unainuka. Rudia kwa mstari wa pili na wa tatu, bila haraka. Hapa ndipo utamu wa mchoro ulipo, na watu wengi hupapita.

Sasa panda usoni. Mistari imekuwa mifupi, myembamba, imelazwa pamoja hata kwa mbali huitambui. Angalia chini ya taya na pembeni mwa pua. Kwenye paji la uso linalong'aa, karatasi imeachwa karibu tupu.

Tofauti ya mistari myeusi na hafifu inahitaji penseli nzuri. Mwaka 1795 mvumbuzi Mfaransa Conté alipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kuchanganya unga wa grafiti, madini meusi ya penseli, na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi.

Una mchoro halisi wa zamani mezani? Nawa mikono, ikauke kabisa, na kalamu ya wino ikae mbali. Zima taa ya juu, washa tochi na uilaze upande wa kushoto, karibu sambamba na meza. Ukimulika kutoka mbele grafiti itameta, na pale penye giza utapaona peupe. Ndipo mtu husema mchoro umefifia, kumbe haujafifia.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Grafiti hukaa juu ya nyuzi za karatasi, mabonde yakabaki meupe, na grafiti yenyewe hung'aa kidogo kama chuma. Ukiona chembechembe nyeusi zisizometa, wala hakuna mfuo wa ncha, shuku kwamba ni chapa ya litografia, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe.