Klabu Ilihamishwa, Mashabiki Wakagoma Kuhama

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, na wote mnaonitazama popote mlipo. Leo niko Plough Lane, kusini magharibi mwa London. Uwanja huu mnaouona nyuma yangu unaingiza watu 9,000 na ushee tu. Najua mmezoea niwapeleke Emirates au Stamford Bridge, lakini kama kuna klabu ya Uingereza ambayo kila mwanachama wa Simba na Yanga anapaswa kuijua habari zake, ni hii: AFC Wimbledon.

Wimbledon ya kwanza ilianzishwa mwaka 1889. Kwa miaka mingi ilikuwa timu ya ridhaa. Mwaka 1977 ikaingia kwenye ligi ya kulipwa, na 1986 ikapanda daraja la kwanza, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa la juu kabisa. Miaka miwili baadaye, 1988, ikaingia fainali ya Kombe la FA pale Wembley dhidi ya Liverpool, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa ligi. Lawrie Sanchez akafunga kwa kichwa. Liverpool wakapata penalti, John Aldridge akapiga, kipa Dave Beasant akaipangua. Moja bila. Wazee wa mtaa huu ukiwatajia siku ile, wanakuhadithia mpaka chai inapoa.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika. Mwaka 1991 timu iliondoka Plough Lane ya zamani, ikaenda kupanga Selhurst Park kwa Crystal Palace. Mmiliki alikuwa Sam Hammam, mfanyabiashara wa Lebanon. Kiwanja cha nyumbani kikauzwa kwa kampuni ya supamaketi, na mwaka 1997 klabu ikanunuliwa na matajiri wa Norway. Timu haina uwanja, mwaka 2000 inashuka kutoka Ligi Kuu, hasara inaongezeka. Ndipo wenye mali wakatangaza, mwaka 2001, kwamba wanaihamishia Milton Keynes, mji ulio umbali wa kama kilomita 90 kutoka hapa.

Mashabiki waliandamana, wakasusia mechi. Tarehe 28 Mei 2002 jopo la watu watatu lililoteuliwa na FA, yaani chama cha soka cha England, likaamua kwa kura mbili dhidi ya moja: ruksa kuhama. Tena likaandika kwamba mashabiki wakianzisha timu yao mpya, jambo hilo halitakuwa na manufaa kwa soka kwa ujumla. Mpaka leo maneno yale yananiuma, na mimi wakati ule wala sikuwa London.

Siku chache tu baadaye klabu mpya ilikuwa imezaliwa. Mwezi Juni wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, mchezaji yeyote asiye na timu aje. Wakaanzia daraja la tisa. Kati ya 2003 na 2004 wakacheza mechi 78 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2011 wakaifunga Luton Town kwa mikwaju ya penalti na kurudi kwenye ligi ya kulipwa, miaka tisa tu baada ya kuanza upya.

Mwenye klabu ni nani? Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Hisa zenye nguvu ya maamuzi ziko mikononi mwa Dons Trust, chama cha mashabiki. Mwanachama mmoja, kura moja. Pesa za kumalizia uwanja huu zilipopungua, kulikuwa na mjadala wa kuingiza mwekezaji. Mashabiki wakachagua kuikopesha klabu yao wenyewe, na mwaka 2020 wakachanga zaidi ya pauni milioni 5. Novemba mwaka huohuo timu ikarudi Plough Lane, mita mia mbili na ushee tu kutoka ulipokuwa uwanja wa zamani. Kwa sababu ya korona, mechi ya kwanza dhidi ya Doncaster ilichezwa bila watazamaji. Watu waliolipa matofali haya waliitazama kwenye runinga.

Umaskini upo, siwafichi. Klabu ya namna hii haiwezi kushindana kwa mishahara, na imeshuka daraja mwaka 2022. Lakini Mei 2025 ilipanda tena kwa kuifunga Walsall 1-0 Wembley, ikawaacha chini wale MK Dons, timu iliyotokana na ule uhamisho. MK Dons wenyewe waliuzwa mwaka 2024 kwa wawekezaji kutoka Kuwait.

Nyumbani tumebishana sana juu ya kugawa hisa za klabu, asilimia 49 za mwekezaji na 51 za wanachama. Naomba wanachama wa Simba, Yanga, na ninyi wa Gor Mahia na AFC Leopards, mniandikie hapo chini: katiba yenu inasema nani anaruhusiwa kuuza uwanja, kubadili jina, kuhamisha timu? Nitumieni vifungu vyenyewe. Video ijayo tutavisoma pamoja, kimoja kimoja.