Kupima Uzito wa Makundi ya Galaksi kwa Nuru ya Kale

Habari za jioni, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma. Asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie maajabu ya anga, lakini maajabu hayaishi na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo nimechagua swali moja tu: utapimaje uzito wa kitu usichoweza kukifikia, tena kitu ambacho sehemu yake kubwa haionekani kwa darubini yoyote? Kitu chenyewe ni kundi la galaksi.

Jua letu ni nyota moja kati ya mabilioni ya nyota za galaksi yetu, Njia Nyeupe. Sasa chukua galaksi mamia, pengine maelfu, zinazoshikwa pamoja na mvutano wa uzito wao wenyewe. Hilo ndilo kundi. Makubwa kabisa yana uzito wa Jua mara trilioni 1,000 na zaidi. Hakuna kitu kingine ulimwenguni kilichoshikamana kwa mvutano kinacholizidi kundi kwa ukubwa.

Mswisi mmoja aliyefanya kazi California, Fritz Zwicky, mwaka 1933 aliangalia kundi la Koma akaona galaksi zake zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lile lingepaswa kuwa limetawanyika zamani. Akasema lazima kuna maada nyingine isiyotoa mwanga, ndiyo tunayoiita leo maada ya giza. Wenzake wengi hawakumjali kwa miongo kadhaa. Zwicky alikuwa mkali wa maneno, na nadhani hilo nalo lilichangia.

Hatua iliyofuata ilianzia hapa kwetu. Wengi wenu mmeyaona yale majukwaa ya chuma baharini kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, Waitaliano walirusha roketi ya Kimarekani iliyobeba setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Pwani hii haikuchaguliwa kwa uzuri wa mchanga wake. Ukirusha roketi karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia unakusaidia kuisukuma, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye nguvu zinazovuruga vipimo vya eksirei.

Uhuru ilionyesha kwamba makundi kama Koma na Perseus yanatoa eksirei, na eksirei hizo zinatoka katika eneo pana, si katika galaksi moja moja. Nafasi kati ya galaksi imejaa gesi nyembamba yenye joto la nyuzi makumi ya mamilioni. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi, mara kadhaa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Inanikera kidogo kukutana na wanafunzi wa fizikia wa mwambao huu ambao hawajawahi kusikia habari hii. Sitaki kulaumu mtu. Nawaambia tu ili mkawaambie wengine.

Basi, gesi ikatupa njia ya kupima. Ukijua joto lake na msongamano wake, unakokotoa mvutano unaohitajika kuizuia isitoroke. Lakini hesabu hiyo inadhani gesi imetulia. Makundi hayatulii: yanagongana, yanameza makundi madogo, gesi inavurugika. Sehemu ya msukumo wake inatokana na mvurugiko huo, wala si joto, na ukiisahau utapata uzito pungufu. Pungufu kwa kiasi gani? Wataalamu wamebishana miaka mingi kwa sababu ya swali hilo.

Njia ya pili haijali kama kitu kinang'aa au kimetulia. Einstein alionyesha mwaka 1915 kwamba uzito hupinda njia ya mwanga, na kupatwa kwa Jua kwa Mei 1919, kulikotazamwa kisiwani Príncipe na Sobral nchini Brazili, kukamuunga mkono. Kundi la galaksi nalo hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake. Ni kama kutazama kokoto chini ya maji ya ufukweni: maji yenyewe huyaoni, lakini namna kokoto zinavyopindika na kurefuka inakuambia uso wa maji ukoje. Mnaikumbuka ile picha ya kwanza ya darubini ya James Webb, Julai 2022? Ile michirizi ya mwanga iliyojikunja kama matao ni galaksi za nyuma, zimenyooshwa na kundi la SMACS 0723 lililokaa mbele yake. Hiyo ndiyo lenzi ya mvutano.

Tatizo ni kwamba unahitaji galaksi nyuma ya kundi. Kwa kundi lililo karibu kiasi, zipo tele. Kwa kundi ambalo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 8 au 9, galaksi za nyuma ni chache, hafifu, na umbali wake hauna uhakika. Na makundi hayo ya mbali ndiyo tunayoyataka zaidi, maana yanatuonyesha ulimwengu ulivyokuwa ukijenga vitu vyake.

Kuna mwanga mmoja ambao uko nyuma ya kila kitu. Mwaka 1965, Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa na antena kubwa huko Holmdel, New Jersey, walitangaza kwamba wanasikia mvumo usiokwisha kutoka kila upande wa anga. Walikuwa hata wamefukuza njiwa na kusugua kinyesi chao ndani ya antena wakidhani ndicho chanzo. Haikuwa njiwa. Ilikuwa mnururisho wa mikrowevu uliotoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi, wakati elektroni ziliposhikana na viini, atomi zikaundika, na mwanga ukapata njia wazi. Leo usiku nitauita nuru ya kale. Imesafiri karibu miaka bilioni 13.8 na imepoa hadi Kelvini 2.7. Inatoka kila upande kwa joto karibu sawa kabisa. Tofauti ni takriban sehemu 1 kwa 100,000, madoadoa ya joto na baridi yaliyochorwa vizuri sana na setilaiti ya Planck.

Kwa hiyo kila kundi, hata la mbali kiasi gani, lina nuru ya kale nyuma yake, na umbali wa nuru hiyo tunaujua vizuri. Kundi linaacha alama mbili juu yake.

Alama ya kwanza walitabiri Rashid Sunyaev na Yakov Zel'dovich huko Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nuru ya kale ikipita ndani ya kundi, takriban fotoni 1 kati ya 100, yaani chembe za mwanga, hugongwa na elektroni za ile gesi na kuongezewa nguvu. Fotoni zilizoongezewa nguvu huhamia masafa ya juu, kwa hiyo ukitazama chini ya gigahetsi 217 hivi unaona upungufu. Kitu chenye joto la mamilioni ya nyuzi kinaonekana kwenye ramani kama doa baridi! Napenda sana jambo hili. Na doa hilo halififii kwa umbali, kwa hiyo tunayakamata makundi ya mbali kama ya karibu. Darubini ya Atacama, mita 5,190 juu ya usawa wa bahari nchini Chile, ndiyo iliyoligundua hivyo kundi zito liitwalo El Gordo, yaani Bonge. Nyingine kubwa iko Ncha ya Kusini. Darubini hizi hujengwa huko kwa sababu mvuke wa maji hunyonya mikrowevu, na hewa ya huko ni kavu.

Lakini doa hilo linakupa habari za gesi, si za uzito wote. Alama ya pili ndiyo mizani. Tuseme nyuma ya kundi, nuru ya kale ina joto zaidi upande wa kulia na baridi upande wa kushoto. Kundi linapinda miale, hivi kwamba ukitazama kulia kwake unaona mahali palipo karibu zaidi na katikati kuliko unavyodhani. Upande wa joto unaonekana umepoa kidogo, upande wa baridi umepata joto kidogo. Mkengeuko wenyewe haufiki sehemu 1 ya 30 ya upana wa Mwezi uonavyo angani, na tofauti ya joto ni sehemu chache tu za milioni za Kelvini. Kwa kundi moja huwezi kuiona, kelele za vipimo zinaifunika. Uroš Seljak na Matias Zaldarriaga walieleza njia hii mwaka 2000. Mwaka 2015 ishara ikapatikana kwa kurundika makundi mengi pamoja, kila moja ikizingatiwa mwelekeo wa joto nyuma yake. Ncha ya Kusini walitumia makundi 513, na hata hivyo ishara ilijitokeza kwa shida.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu idadi ya makundi mazito inategemea sana wingi wa maada ulimwenguni na jinsi ilivyojikusanya. Mwaka 2013 timu ya Planck ilihesabu makundi 189 ikakuta ni machache kuliko madoadoa ya nuru ya kale yalivyotabiri. Wapo walioanza mara moja kuandika kuhusu fizikia mpya, neutrino nzito na kadhalika. Mimi niliona ni haraka. Hesabu zingeweza kupatana kama gesi ilikuwa ikionyesha asilimia 58 tu ya uzito halisi. Mwaka 2015 vipimo vitatu vikawekwa mezani: viwili vya lenzi kwa galaksi vikasema asilimia 69 na 78, nuru ya kale ikasema karibu 100, kukiwa na shaka ya asilimia 19 huku na huku. Mizani tatu, majibu matatu. Kisha mwaka 2024 eROSITA, darubini ya Kijerumani ya eksirei, ikatoa hesabu ya makundi 5,259 yaliyopimwa kwa lenzi za galaksi, na ikapatana na utabiri wa madoadoa ya nuru ya kale bila ugomvi. Je, limekwisha? Kwa makundi ya karibu, huenda. Kwa yale ya mbali mizani ni nuru ya kale, na darubini mpya za Atacama sasa zinakusanya ramani zitakazopunguza ile shaka.

Naona mkono. Kijana anauliza: kama kila kitu njiani kinapinda nuru ya kale, si ramani ya Planck yenyewe imepotoka, na umri wa ulimwengu tunaoukokotoa kutoka kwayo pamoja nayo?

Imepotoka, ndiyo. Ukijumlisha makundi na maada yote njiani, kila mwale umekengeuka takriban dakika 2 hadi 3 za pembe. Lakini madoa makuu yana upana wa digrii 1 hivi, yaani dakika 60, kwa hiyo mkengeuko unalainisha kingo zake tu, na hesabu ya umri inalizingatia hilo. Shida kubwa iko kwingine. Nuru ya kale ina mwelekeo wa mtikisiko, na lenzi inausokota mwelekeo huo kidogo. Msokoto huo ulionekana mara ya kwanza Ncha ya Kusini mwaka 2013. Wanaotafuta msokoto mwingine, ule ambao ungekuwa umeachwa na mawimbi ya mvutano ya mwanzo kabisa wa ulimwengu, wanaukuta wetu umekaa mbele yao. Inabidi wachore ramani ya maada yote iliyopinda nuru hiyo, wakokotoe imesokota kiasi gani, kisha watoe. Wengine huita kazi hiyo kufagia. Uchafu wanaoufagia wao ndio data yangu.