Mwenye Vyombo Ni Nani? Charlie Gillett na Tasnifu ya Rokenroli

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na mwenzangu ni yuleyule Deus, ambaye leo kaja studio na kitabu jalada limechakaa, utadhani kimetoka vitani.

DEUS: Nimekitoa kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, dada Zuhura. Kinaitwa The Sound of the City, yaani Sauti ya Mji, cha Mwingereza Charlie Gillett, kilitoka 1970. Nilidhani ni vile vitabu vya nani kamwoa nani. Kumbe bwana huyu anakueleza lebo, yaani kampuni ya santuri, ilikuwa mali ya nani, ilikuwa mji gani, na santuri zake alizinunua nani.

ZUHURA: Kwa sababu kilianza kama tasnifu. Hapo ndipo nilipompendea. Kijana kasoma uchumi Cambridge, mwaka 1965 anavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kufanya uzamili. Na anaandika nini? Historia ya rokenroli, muziki wa vijana wa Marekani ulioshika miaka ya 1950. Elvis Presley mwenyewe, mfalme wake, ana miaka 30 tu!

DEUS: Historia ya muziki ambao hata kubalehe haujabalehe.

ZUHURA: Cheka tu. Mimi nilipopeleka pendekezo langu la utafiti juu ya vikundi vya taarab, msimamizi alisoma kichwa cha juu, akavua miwani, akaniuliza, "Binti, hii nayo ni elimu, au ni shughuli?"

DEUS: Ha! Shughuli ya kutunza na kucheza!

ZUHURA: Hiyohiyo. Sitataja chuo. Tuendelee.

DEUS: Sawa. Mimi kilichonishika ni ule uchumi wake. Watu wengi wakisimulia roki wanaanza na kipaji: fulani alizaliwa maskini, akapewa gitaa, basi dunia ikatikisika. Gillett anaanza na swali la dukani. Kampuni kubwa za Marekani zilikuwa na mitambo, fedha na wasambazaji, lakini muziki wa Weusi hazikuwa na habari nao. Pengo likabaki. Nani akaingia? Ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, waliokuwa na klabu ya pombe Chicago, wakawa na lebo yao ya Chess. Mtoto wa balozi wa Uturuki, Ahmet Ertegun, akaanzisha lebo ya Atlantic na mwenzake. Na Sam Phillips kule Memphis, na studio yake ndogo.

ZUHURA: Ambaye ndiye aliyemrekodi Elvis.

DEUS: Kisha 1955 akauza mkataba wa Elvis kwa kampuni kubwa ya RCA kwa dola 35,000. Kampuni kubwa zilikuja mezani chakula kikiwa kimeshaiva.

ZUHURA: Na hakusema rokenroli ni kitu kimoja. Aliipambanua mitindo mitano, na mingi aliitaja kwa mahali ilipotoka: bendi za kaskazini mwa Marekani kama ya Bill Haley, dansi ya New Orleans ya kina Fats Domino, Memphis na mchanganyiko wake wa kantri, Chicago ya Chuck Berry na Bo Diddley, halafu vikundi vya waimbaji wanaopokezana sauti. Ndiyo maana jina la kitabu lina mji ndani yake.

DEUS: Sasa nikazifunga kurasa, nikawaza hapa kwetu. Swali lake ukilileta Dar es Salaam: mwenye vyombo ni nani?

ZUHURA: Aa, hapo umenena.

DEUS: NUTA Jazz, 1964, vyombo ni vya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, vya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park, shirika la maendeleo la jiji, ndiyo ile DDC. Mpiga gitaa ni mwajiriwa, ana mshahara. Na kurekodi ni Radio Tanzania, basi. Ukitaka santuri, panda basi uende Nairobi.

ZUHURA: Kwa hiyo sisi hatukuwa na Sam Phillips. Tulikuwa na katibu wa chama.

DEUS: Na ndiyo maana jina la NUTA Jazz lilibadilika kila chama cha wafanyakazi kikibadilika! NUTA, JUWATA, OTTU, mpaka ikaitwa Msondo Ngoma. Mtu akiifuata historia hiyo kwa majina ya nyimbo tu hataelewa kitu. Aifuate kwa wenye mali.

ZUHURA: Turudi kwa Gillett, maana ajira yake nayo ni somo. Alirudi London akafundisha Kingsway, chuo cha kati, masomo ya jamii na utengenezaji wa filamu. Toka 1968 anaandika safu katika gazeti la Record Mirror. Tasnifu anaipanua iwe kitabu. Halafu 1972 anapewa kipindi BBC Radio London, Honky Tonk, Jumapili. Kuishi kwa kalamu peke yake ni shida, unaunganisha unga na maharage.

DEUS: Na 1977 anatokea mwalimu mwingine.

ZUHURA: Mark Knopfler! Watu wanamjua kama gitaa la bendi ya Dire Straits. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa gazeti Leeds, akasoma Kiingereza chuo kikuu hapohapo, kisha akafundisha chuo cha Loughton, Essex. Yeye na bendi yake walimpelekea Gillett kanda yao kuomba ushauri tu. Gillett akaupiga wimbo wao "Sultans of Swing" redioni. Haukupita muda, wana mkataba wa kurekodi.

DEUS: Walimu wawili, mmoja ana kipindi, mwingine ana kanda.

ZUHURA: Halafu 1987, baa moja London, wenye lebo ndogo wamekaa, Gillett yumo. Shida yao ni ndogo mno: duka la santuri liweke wapi muziki wa Mali, wa Bulgaria, wa Unguja? Wakakubaliana rafu iandikwe "muziki wa dunia". Neno lenyewe lilikuwa tayari vyuoni Marekani tangu miaka ya 1960. Wao wakaligeuza kibao cha dukani.

DEUS: Mimi silipendi. Dunia gani hiyo ambayo London haimo?

ZUHURA: Hata mimi. Lakini watu wa lebo ya GlobeStyle, waliokuwa kwenye kikao kile, mwaka uliofuata wakatoa taarab ya Zanzibar, na 1989 mwanamuziki wetu Remmy Ongala akatoka na lebo ya Real World. Bila rafu, wangewekwa wapi?

DEUS: Dokta Remmy! Huyo udaktari alipewa na mashabiki, hakuandika tasnifu.

ZUHURA: Na wote wawili, yeye na Gillett, waliondoka duniani 2010. Gillett Machi, Remmy Desemba.

DEUS: Sasa dada, ile tasnifu yako ya taarab?

ZUHURA: Nilibadili. Nikaandika ushirika wa kahawa. Madaftari yapo kwa mama Magomeni, sandukuni. Majina ya wapiga ala, nani aliyenunua kinanda, nani alikopa spika...

DEUS: Nani alikopa spika! Gillett angeanzia palepale.

ZUHURA: Jumamosi nakwenda kuyachukua. Nikiyakuta. Mama anauza karanga, Deus, na anapenda sana karatasi.