Utitiri kwenye kiota cha sisimizi wa kufugwa

Habari za mchana, ndugu zangu, na karibuni. Leo tunazungumzia utitiri unaoingia kwenye makundi ya sisimizi tunaowafuga. Mfano wangu mkuu ni Messor cephalotes, wale sisimizi wekundu wakubwa wa Afrika Mashariki wanaokusanya mbegu, ambao malkia wao hupita milimita 20. Wengi mlimsikia mara ya kwanza mwaka 2025, pale mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na malkia hao kwenye tyubu na bomba za sindano zenye pamba. Sheria tutaiacha hapo, ila kumbukeni kwamba Kenya huwezi kuokota malkia wa biashara bila kibali. Kilichonileta ni kile kinachosafiri naye mwilini.

Kosa kubwa la wafugaji ni kuona kijidudu chochote chenye miguu minane na kukimbilia dawa. Utitiri mwingi ndani ya kiota haunyonyi sisimizi hata kidogo. Kwa hiyo tafuteni lenzi ya mara 10, au ile ya kubandika kwenye kamera ya simu, muangalie mambo mawili: mdudu yuko wapi, na anatembeaje.

Ukiona vijidudu vyeupe, laini, vinavyotambaa polepole juu ya mbegu zenye ukungu na kwenye jalala la kiota, hao ni walaji wa ukungu na mabaki. Wanakuambia kwamba kiota kina unyevu mwingi na chakula kimezidi. Ukiona wa kahawia, warefu kidogo wa miguu, wanakimbia kasi na hawakai mahali pamoja, mara nyingi ni wawindaji wa utitiri mwenzao. Waacheni.

Sasa wa tatu, ambaye ndiye huleta hofu: vidoa vya kahawia au rangi ya kaharabu, bapa, vinavyong'aa, vimeganda tumboni mwa malkia, kwenye paja au chini ya kichwa, na havisogei. Huyu ni utitiri ulio katika hatua ya kusafiri. Mdudu wa hatua hii hana kinywa kinachofanya kazi. Hali chochote. Amejibandika kwa vinyonyeo vilivyo chini ya sehemu ya nyuma ya mwili wake, naye ni abiria tu asiyelipa nauli. Anangoja mwenyeji wake afe. Sisimizi akifa, abiria hushuka, hujibadilisha ngozi, huanza kula bakteria na ukungu unaoota kwenye mzoga, huzaa, na kizazi kipya kikikosa chakula hurudi kwenye hatua ile ile ya kusafiri na kupanda sisimizi walio hai.

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Mzoga mmoja ulioachwa kwenye pamba yenye maji unazalisha abiria wapya wengi kuliko utakaoweza kuwaondoa kwa brashi. Toeni maiti kila siku kwa koleo ndogo.

Je, abiria hao hawana madhara? Wakiwa wachache, hawana. Wakijazana kwenye viungo vya miguu, kwenye shina la kipapasio au kuzunguka kinywa, malkia huanza kuburura miguu, hujisafisha bila kupumzika, na hutaga kidogo. Hapo ndipo tunaingilia. Malkia aliyejifungia na mayai yake ya kwanza, mwenye vidoa vinne au vitano mgongoni, mwacheni gizani: mkimsumbua anaweza kula mayai yake, na wafanyakazi wa kwanza wakitoka watamsafisha wenyewe.

Kumsafisha kwa mkono ni hivi. Andaa kwanza tyubu mpya ya milimita 16 kwa 150, maji theluthi moja, na pamba safi iliyobanwa vizuri isivuje. Mweke malkia, akiwa ndani ya tyubu yake, kwenye friji ya kawaida ya nyuzi 5 hadi 8, na umwangalie kila baada ya dakika mbili. Akishaanza kusuasua, mtoe. Huyu ni mdudu wa nchi ya joto, si wa kuwekwa kwenye friza wala kusahauliwa humo. Mlaze juu ya tishu yenye unyevunyevu. Tumia brashi ya kuchorea namba 000 iliyoloweshwa maji, au ncha ya kijiti cha meno iliyopakwa vaselini kidogo sana. Msukume utitiri kwa ubavu, usiuvute juu, maana kinyonyeo huachia upande kwa urahisi zaidi. Vaselini isiguse mbavu za sisimizi: matundu ya kupumulia yako huko, na yakizibwa anakosa hewa. Fanya kazi dakika tatu, kisha mrudishe apumzike. Walio shingoni na kwenye kiuno usiwang'ang'anie. Rudia baada ya wiki.

Kundi lenye wafanyakazi huhamishwa, halikung'utwi. Unganisha mdomo wa tyubu ya zamani na mpya, funika mpya kwa karatasi nyeusi, iache ya zamani kwenye mwanga. Kwa Messor kuna mtego: watahama na ghala lao, na utitiri uko ghalani. Siku kadhaa kabla, acha kuwapa mbegu, kisha weka mbegu safi ndani ya makazi mapya ili wavutike nazo. Za zamani zikirundikwa mlangoni, zitoe.

Mbegu safi ni zipi? Ulezi, chia au mbegu za nyasi zilizokaa friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku tatu, ndani ya mfuko uliofungwa. Usiufungue mfuko kabla haujafikia joto la chumba. Ukiufungua ukiwa baridi, maji hutonea juu ya mbegu na unarudisha ukungu ule ule unaoukimbia. Walio Mombasa na Dar es Salaam wana kazi zaidi, kwa kuwa hewa ya pwani yenyewe inalowesha mbegu. Toeni kidogo kidogo, zilizobaki zikae kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Utitiri wa nafaka hudhoofika unyevu ukishuka chini ya asilimia 60 hivi, kwa hiyo ghala liwe upande mkavu, mabuu yawe upande wenye maji. Mende na nyenje wa chakula wachovye kwenye maji yanayochemka kwanza, na masalia yatoke ndani ya saa 24.

Dawa. Najua swali linakuja, kwamba amitraz inaua kupe wa ng'ombe na wafuga nyuki wanaitumia mzingani, kwa nini sisi tusiitumie? Kipimo cha mzinga hakihamishiki kwenye tyubu ya mililita 20 na kitu. Dawa za kupulizia mende zenye pairethroidi, na za viroboto zenye fipronil, zinaua sisimizi kabla ya utitiri. Unga wa diatomi, yaani vumbi la magamba ya mwani wa kale, unakwaruza nta ya mwili wa wote wawili, sisimizi na utitiri. Kipande cha limau ambacho wengi hukiweka karibu na kiota, kwa maoni yangu, kinafaa kwa juisi.

Kinachosaidia ni utitiri mwindaji wa udongoni, Stratiolaelaps scimitus, unaokula utitiri wa jalalani. Ule wa mashamba ya maua ya Naivasha, Phytoseiulus persimilis, hautafaa: unakula utitiri mwekundu wa mimea tu, kwenye kiota utakufa njaa. Na hata Stratiolaelaps hawang'oi abiria waliokwisha kubandika mwilini. Wanapunguza tu wanaozaliwa.

Kuna mmoja wa kuogopa kweli, Pyemotes. Hushambulia mabuu na pupa. Jike akishashiba tumbo huvimba likawa kama kishanga kidogo, na buu aliyeumwa hulegea na kuacha kukua. Ukiona vishanga hivyo, toa mabuu yote yaliyoguswa, yagandishe, hamisha waliobaki siku hiyo hiyo, na uvae glavu, kwa sababu huyu huwasha ngozi ya binadamu pia.

Naona kuna aliyeuliza kuhusu kiota cha jasi. Baada ya kuhama, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70 kwa saa tatu au nne. Usikaribie nyuzi 100: jasi hupoteza maji yake ya asili na kuanza kumomonyoka. Cha akriliki kioshwe kwa maji ya nyuzi 60 na sabuni, kisuuzwe mara kadhaa, kianikwe mpaka kikauke kabisa kwenye maungio, kwani humo ndimo mayai ya utitiri hubaki.