Ndani ya wingu la Kahuzi

Jambo yenu wote, na asante kwa kuja na mvua hii. Nyinyi mliokaa upande wa dirisha, hebu nitafutieni mlima Kahuzi. Hamuuoni. Jana jioni ulikuwa pale, mita 3,308, na sasa hivi uko palepale.

Miaka mingi nilirusha Let 410, ndege ndogo ya injini mbili, kati ya Kavumu, uwanja wetu wa Bukavu, na viwanja vya porini, Shabunda, Lulingu na kwingineko. Vijana huniuliza: mzee, kuingia kwenye wingu kuna kosa gani, mbona ndege kubwa huingia kila siku? Huingia, ndiyo, lakini zimebisha hodi. Kuna kuruka kwa macho, unaangalia nje, na kuna kuruka kwa vyombo, unafuata vipimo vilivyo mbele yako ndani ya ndege, kwa kibali cha mwongoza ndege aliye chini. Ukiruka kwa macho, unajilinda mwenyewe: chini ya futi 10,000 lazima uone kilomita 5 mbele, juu ya hapo kilomita 8, na ukae mita 1,500 kando ya wingu, au mita 300 juu yake au chini yake. Watu hudhani vipimo hivyo vimewekwa kwa sababu wingu ni baya. Vimewekwa kwa ajili ya yule rubani wa vyombo atakayechomoza kutoka ndani yake. Ana kibali, anakuja kilomita 400 kwa saa. Hizo mita 1,500 anazimaliza kwa sekunde 13 hivi.

Enzi zangu, mwongoza ndege wa Kavumu hakuwa na rada. Alikuwa na redio, kalamu na vipande vya karatasi, kila ndege na kimo chake. Ukijipenyeza winguni bila kumwambia, kwenye karatasi zake haumo. Kimo ulichokalia anaweza kuwa ameshampa mwenzako, na hana kosa.

Lakini kilichonitia hofu zaidi maishani ni sikio. Wewe wa shati la kijani, njoo ukae kwenye kiti hiki cha kuzunguka. Dada, mfunge macho kwa kitenge chako. Haya, naanza polepole. Unaenda wapi? Kulia, vizuri. Nyamazeni kidogo, msimsaidie. Sasa je? Anasema amesimama! Mnacheka, lakini mkono wangu bado unakizungusha. Haya, nakishika. Na sasa? Anaenda kushoto, anasema. Kiti kimetulia kabisa, jamani. Ndani ya sikio mna mirija yenye majimaji. Ukizunguka kwa muda bila kubadilisha mwendo, majimaji yanaufuata mwili, nawe husikii tena kitu. Ukisimama, yenyewe yanaendelea. Mfungue macho, asije akaangukia meza.

Sasa mpe huyu ndege. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vyombo, wakazibiwa wasione nje. Wote 20 ndege iliwashinda. Kwa wastani, ilichukua sekunde 178. Hata maji ya chai hayajachemka.

Wala msidhani ni shida ya wanafunzi. Tarehe 26 Januari 2020, helikopta iliyombeba Kobe Bryant, yule mchezaji wa mpira wa kikapu, ilianguka California, watu 9 wakafa. Rubani alikuwa na leseni ya vyombo, ila siku ile alikuwa anaruka kwa macho, akaingia winguni. Alimwambia mwongozaji kwamba anapanda apite juu ya mawingu. Helikopta wakati huo ilikuwa inashuka, ikikata kushoto. Mimi siamini kwamba alimdanganya mtu. Alisema alichokisikia mwilini mwake.

Na hapa kwetu, waliokuwepo wanakumbuka tarehe 1 Septemba 2008: ndege iliyotoka Kisangani ilipiga mlima ikija kutua Kavumu, hewa mbaya. Watu 17.

Mimi nusura niwafuate. Nilikuwa natoka Shabunda na mzigo wa kasiterite, mawe ya bati, mwenye ndege ameshapiga simu mara mbili: wengine wamefika, wewe unaogopa nini? Karibu na Kahuzi nikaona tundu la mwanga kati ya mawingu. Nikaingia. Tundu likafunga. Ndani kote kukawa cheupe, kama mtu amebandika shuka kwenye vioo. Nilikuwa na hakika tumenyooka. Rubani msaidizi, mtoto mdogo tu, akanipiga bega: «Muzee, angalia chombo!» Chombo kinaonyesha tumelala nyuzi 30 kushoto. Nikanyoosha ndege kwa kufuata kile chombo, huku mwili wote ukinipigia kelele kwamba nainamisha ndege kulia. Nikageuza taratibu, tukarudi Shabunda, tukalala kwenye mikeka.

Ndiyo, mama, uliza. Mwenye ndege alisemaje? Mwisho wa mwezi alinikata pesa ya mafuta. Haya, mwingine.