Umeme wa Maganda na Mkojo

Wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Kila jioni soko la Kalerwe, Kampala, huacha chungu ya maganda ya matoke. Yakianza kunuka, jueni vijidudu wako kazini. Kiumbe anayekula hubaki na elektroni, chembe ndogo mno zinazobeba umeme, za kukabidhi mahali. Sisi tunazikabidhi oksijeni tunayovuta. Bakteria wa matopeni kama Geobacter hawana hewa hiyo, kwa hiyo huzikabidhi kutu ya chuma. Wawekee kipande cha kaboni, watakipokea vilevile. Kiunge kwa waya na kaboni nyingine inayoguswa na hewa, na elektroni zitapita wayani. Mtaalamu wa mimea M. C. Potter aliuona umeme wa vijidudu Uingereza mwaka 1911.

Ila Geobacter hali ganda! Ganda lina selulosi, nyuzi za mimea, ngumu kweli. Kundi la kwanza huikata iwe sukari, la pili huvundisha sukari hiyo itoke asetati, ndugu ya siki, ndipo Geobacter anapata chakula chake. Ukimfungia peke yake na maganda, utakesha. Chota samadi ya ng'ombe au tope la kinamasi: jumuiya nzima imo. Bahati mbaya, wamo pia vijidudu wanaotengeneza gesi ya methani, nao huigombea asetati ileile. Wakishinda wao, umeme unapungua.

Na umeme wenyewe ni kidogo. Chombo kimoja chenye kaboni hizo mbili hakifiki volti 1; kikiwa kazini hutoa nusu yake au pungufu. Bwawa la umeme la Karuma ni megawati 600. Mtu akija kuwauzia mtambo wa maganda wa kuwasha kijiji, mpeni chai aende zake.

Panapofaa ni penye uchafu wa majimaji ambao lazima usafishwe. Kule Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, katika shule ya wasichana ya Seseme, mwaka 2017 watafiti wa Bristol, Uingereza, wakiongozwa na Ioannis Ieropoulos waliweka choo ambacho mkojo wa wanafunzi uliwasha taa zake. Taa ndogo tu. Lakini muulizeni binti anayekwenda chooni usiku.

Mama pale nyuma ameuliza: maganda yangu je? Mama, yakatekate, uyachanganye na samadi, uyatie kwenye mtambo wa biogesi. Wale wa methani niliowasema vibaya, huko ndio tunaowataka, na gesi yao utapikia. Maji yanayotoka mtamboni bado yana asetati kidogo. Hayo ndiyo ya kumpa Geobacter.