Paje au Kendwa: Ufukwe wa Kuendea na Watoto

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo Bwana Rashidi na mimi tunazungumzia jambo linalozisumbua familia nyingi zinapopanga safari ya Unguja: watoto wakaogelee Paje, upande wa mashariki, au Kendwa ya kaskazini?

RASHIDI: Ahsante, Bi Mwanaidi. Mimi kabla ya kutaja ufukwe wowote huuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, kwa hiyo familia iliyotoka mjini mapema hufika Paje ikakuta mchanga mtupu, na bahari imerudi mbali kuelekea kwenye mwamba.

MWANAIDI: Wakasema wamedanganywa na picha! Hata hivyo, Paje nitaitetea. Maji yakikupwa, wadogo hupata uwanja mpana wa kuchezea na vidimbwi vinavyowafika magotini, na huwaona akina mama wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi, kilimo kilichoanza kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989. Wazazi wawaambie watoto kwamba hayo ni mashamba ya watu, wasiyakanyage.

RASHIDI: Na wawavishe viatu, maana penye mawe na nyasi za bahari hukaa wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, ambayo huvunjikia ndani ya unyayo.

MWANAIDI: Na Kendwa?

RASHIDI: Kendwa maji hayaendi mbali, kwa hiyo mtu huogelea karibu saa yoyote, na kwa kuwa ufukwe umeelekea magharibi, upepo wa kusi hauupigi kama unavyoipiga Paje katikati ya mwaka. Lakini kina huongezeka upesi zaidi, na boti za watalii huja karibu. Mzazi asikae kivulini na simu yake. Aingie majini, asimame upande wa kina, watoto wawe baina yake na nchi kavu.

MWANAIDI: Basi mwenye watoto wa chini ya miaka saba umshaurije?

RASHIDI: Aende Paje siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji hujaa asubuhi, tena bila kupanda wala kushuka sana, kwa hiyo watoto wataoga kabla jua halijawa kali.

MWANAIDI: Mimi wenye vijana wanaojua kuogelea nawapeleka Kendwa, wiki yoyote. Kwa wale wa Paje, kabla ya kulipia chumba wapige simu huko wanakofikia waulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Bei wataipatana baadaye.